Kupanda Ngome ya Senji: Anza Juu, Malizia Chini

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa Chennai anazijua zile siku za katikati. Vipimo vimeshachukuliwa, majibu ni Alhamisi, na leo ni Jumatatu. Umeshafua, umeshasonga ugali wa rava, yaani semolina ya ngano, kwenye jiko la nyumba ya kupanga, umeshapiga simu nyumbani mara mbili, na jua bado halijafika utosini. Shangazi yangu, ambaye ndiye niliyempeleka, alinichoka kabla sijajichoka mwenyewe. "Mwanangu, hebu toka ukatembee," aliniambia. "Humu ndani mgonjwa ni mimi, si wewe."

Nikatoka, nikaenda Senji, nikafanya karibu kila kosa linalowezekana. Nilifika saa 6 mchana, mwezi wa Aprili, na chupa ya maji ya nusu lita. Nikazubaa kwenye majengo ya chini nikipiga picha, na nilipokumbuka kwamba kuna mlima wa kupanda, miguu ilikuwa imeshagoma. Sikufika hata nusu. Mwaka uliofuata tulirudi kliniki, safari hiyo ikiwa Januari, nikaenda tena na nikafika kileleni. Mwongozo huu umetokana na safari zote mbili, hasa ile iliyoniaibisha.

Unamfaa mwanafunzi aliyeko Chennai, Vellore, Pondicherry au Bangalore, na msindikizaji mwenye siku moja au mbili za kwake. Mgonjwa mwenyewe abaki. Hapa si mahali pa kusukumana na kiti cha magurudumu.

Kwanza, fahamu unakwenda kuona nini

Senji ni mji mdogo wa soko la mpunga katika wilaya ya Villupuram, jimbo la Tamil Nadu, kiasi cha kilomita 160 kusini-magharibi mwa Chennai. Kwenye ramani utaukuta umeandikwa Gingee, jina walilolikoroga Wazungu. Kondakta wa basi utaelewana naye upesi zaidi ukisema Senji.

Ngome yenyewe si jengo moja. Ni vilima vitatu, Rajagiri, Krishnagiri na Chandragiri, vilivyokaa kama mafiga, na kuta zilizoviunganisha vikawa kitu kimoja. Kuta hizo zikipimwa zote zinafika kilomita 13 hivi, na penye unene mkubwa zinakaribia mita 20. Vilima ni vya matale: majabali ya mviringo yaliyopandana, mengine makubwa kama nyumba. Mtu wa Mwanza atadhani yuko kwao, ila ziwa ndilo limekosekana.

Wenyeji husimulia kwamba mchunga mifugo aitwaye Ananda Konar aliokota hazina akiwa machungani, akajenga boma la kwanza hapo karibu na mwaka 1200. Baada yake wakaja wa Vijayanagara, dola kubwa ya Kihindu ya kusini, na magavana wao Wanayaka, ambao ndio waliojenga sehemu kubwa ya unachokiona leo. Mwaka 1649 ikachukuliwa na usultani wa Bijapur. Mwaka 1677 ikachukuliwa na Shivaji, mfalme wa Wamaratha, watu wa magharibi mwa India. Mwanawe, Rajaram, alipobanwa na Wamughal, watawala wa dola kubwa ya kaskazini, huko kwao magharibi, alikimbilia hapa, na jeshi la Mughal likamfuata na kuizingira ngome tangu 1690 hadi 1698. Karibu miaka minane! Na ilipoanguka, Rajaram alikuwa ameshaponyoka. Mwaka huohuo wa 1698, ndipo Waomani nao walipoingia Fort Jesus kule Mombasa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ilikuwa zama za watu wenye subira.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo litakalokupandisha mlima. Ngome hiyohiyo iliyowatoa Wamughal jasho kwa miaka minane, Wafaransa, waliokuwa na makao yao Pondicherry, waliitwaa mwaka 1750 kwa usiku mmoja. Mlima ni uleule, kuta ni zilezile. Kwa nini? Mimi jibu nilianza kuliona nikiwa kwenye ngazi, nikihema, na nadhani wewe pia utaliona hukohuko.

Mwezi Julai 2025 UNESCO iliiingiza Senji katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha. Hizo 11 zote ziko Maharashtra. Senji peke yake ndiyo iliyoko kusini kabisa, Tamil Nadu. Kwa hiyo tarajia watu kuongezeka.

Chagua mwezi, kisha chungulia mwezi

Miezi mizuri ni Desemba mwishoni hadi Februari. Machi bado unaweza kujikongoja. Kuanzia Aprili hadi Juni jua la huku hupita nyuzi 38, na jabali likishachemka linakupiga kutoka chini kama vile jua linavyokupiga kutoka juu. Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua kubwa za upande huu. Ngazi za mawe zinateleza, ingawa baada ya mvua mabwawa hujaa na bonde lote huwa kijani, na kwa macho hakuna kipindi kizuri kama hicho.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, chungulia mwezi wa angani. Tiruvannamalai, mji mkubwa ulioko kilomita 38 hivi mbele ya Senji, una hekalu maarufu sana la mungu Shiva, na kila mwezi mpevu maelfu kwa maelfu ya watu hutoka Chennai kwenda kuuzunguka mlima wake mtakatifu kwa miguu usiku. Njia yao ni hiihii yako. Siku hizo basi hujaa mpaka mlangoni, na nyumba za kulala wageni hupandisha bei. Wakati wa sikukuu ya taa ya Karthigai Deepam, Novemba au Desemba, ndiyo usithubutu kabisa, labda kama sikukuu yenyewe ndiyo unayoifuata.

Siku ya wiki ni bora kuliko Jumapili. Jumapili familia zinakuja na watoto, vyungu na spika.

Nyaraka

Nitapita haraka. Beba pasipoti yenyewe pamoja na nakala ya viza, hata kama unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hoteli India zinalazimika kutoa taarifa kwa serikali kila zikipokea mgeni wa nje, na nyumba ndogo za wageni mara nyingi huona ni usumbufu, zinakuambia zimejaa huku funguo zinaning'inia ukutani. Usigombane nao. Kalale Tiruvannamalai au Pondicherry, ambako wamezoea wageni.

Kwa anayetoka nyumbani moja kwa moja: kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, na uwe umechanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri. India hawana mzaha na hilo, hasa kwa anayetokea au kupitia nchi yenye ugonjwa huo, na karantini yao si ya kutishiana tu.

Vitu vya kubeba

Maji lita 2 kwa kila mtu, si chini. Juu hakuna duka. Kofia au kanga ya kujifunika. Raba zenye soli inayoshika. Ndala ziache, japo utawaona bibi wa Kitamil wakipanda peku wakikupita kama umesimama. Pesa taslimu, noti ndogondogo, kwa sababu malipo ya simu ya India kwa kawaida yanahitaji akaunti ya kwao na kadi yako ya benki haitakusaidia kwa mwenye bajaji.

Begi liwe la mgongoni na lenye zipu. Mfuko wa plastiki usibebe kabisa. Tumbili wa Senji wanajua kwamba plastiki maana yake ni chakula, na hawaombi. Ndizi niliyoificha mfukoni ilichukuliwa na mmoja aliyekuwa na mtoto kifuani, tena kwa upole, kama mtu anayechukua chenji yake. Ukiporwa, achia. Usivutane naye, na wala usimkodolee macho.

Kufika

Senji haina stesheni ya treni. Wengi wetu tutakwenda kwa basi.

Ukitokea Chennai, mabasi ya kusini siku hizi huondokea kituo kikubwa cha Kilambakkam, nje ya jiji, si tena pale Koyambedu ambapo watu wengi bado wanapakumbuka. Panda treni ya mijini hadi Vandalur, kisha malizia kwa basi la mjini au bajaji. Ukifika Kilambakkam tafuta basi la Tiruvannamalai linalopita Tindivanam, na kabla hujakaa muulize kondakta: "Senji?" Akitikisa kichwa kushoto na kulia kama anayekataa, hapo amekubali. Nilishuka kwenye basi la kwanza kwa kutolijua hilo. Safari huchukua kama saa tatu na nusu hadi nne.

Ukitokea Pondicherry ni karibu zaidi, kilomita 70 hivi, basi la moja kwa moja au kwa kubadilisha Tindivanam. Tiruvannamalai ndiyo karibu kuliko zote, takriban saa moja, na kwa maoni yangu ndiko kwa kulala. Ukilala Chennai utafika Senji jua limeshapanda, labda uondoke usiku wa manane. Ukilala Tiruvannamalai unaondoka alfajiri, unakunywa chai Senji, na unakuwa getini linapofunguliwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilohilo, la kulala mbali.

Kutoka stendi ya Senji hadi ngomeni ni kama kilomita 2 kuelekea magharibi, barabara ya Tiruvannamalai. Chukua bajaji. Neno letu limetoka kwa kampuni ya huku India, lakini huku wenyewe wanaiita "oto", kwa hiyo usiite bajaji ukashangaa mtu hageuki. Mwambie "Senji kottai", kottai ni ngome, na ongeza "Rajagiri", maana barabara inapita katikati ya vilima: Krishnagiri upande wa kaskazini, Rajagiri upande wa kusini, na ukishushwa upande usio wako utatembea. Patana bei kabla ya kupanda. Mwite dereva "anna", yaani kaka mkubwa. Hata kama ni mdogo kwako, neno hilo linalainisha bei kuliko mabishano.

Getini

Ngome inasimamiwa na idara ya mambo ya kale ya serikali kuu, na mgeni wa nje hulipa kiingilio kikubwa mara kadhaa kuliko Mhindi. Usinung'unike, hata Serengeti mgeni halipi sawa na mwenyeji. Tunza tiketi mpaka utoke, utadaiwa tena ukienda Krishnagiri.

Muulize mlinzi mwisho wa kuanza kupanda Rajagiri ni saa ngapi. Alasiri ikishaingia huwa hawaruhusu mtu kuanza kupanda, hata kama eneo la chini bado liko wazi, kwa sababu hawataki kutafuta watu mlimani gizani. Wengi wanaonyimwa mlima hunyimwa hapo: wamekaa saa mbili kwenye kasri, wakija kwenye ngazi wanaambiwa rudi.

Kwa hiyo ingia, pita kasri bila kuliangalia, pita ghala, pita bwawa la tembo, na uende moja kwa moja kwenye mlima. Vya chini havikimbii.

Rajagiri

Kilima kina urefu wa mita 240 hivi. Kwa aliyepanda Uluguru hiyo ni mchezo, lakini ngazi za Senji hazikujengwa kumsaidia mtu apande. Zilijengwa kumchelewesha. Mawe ya ngazi hayalingani: moja fupi, linalofuata linafika gotini. Mwili haupati mdundo. Mtu mwenye silaha na ngao angefika kila kona akiwa anahema, na kila kona ina lango, na juu ya lango kuna mahali pa kusimama mtu mwenye jiwe.

Tembea taratibu. Jipe saa moja hadi saa moja na nusu ya kupanda. Sehemu za mwanzo zina kivuli cha miti. Hapo usipumzike sana, okoa mapumziko kwa juu. Njiani utapita hekalu dogo la Kamalakanni Amman, mungu wa kike anayeaminiwa kuwa mlinzi wa mlima. Mahujaji wengi wanaishia hapo. Ukitaka kuingia vua viatu nje, na usipige picha za ndani bila ruhusa.

Baada ya hapo ngazi zinakuwa kali, na upepo unaanza. Geuka nyuma sasa. Utaona ukuta unavyopanda na kushuka juu ya majabali hadi Krishnagiri kule ng'ambo ya barabara, na mwingine ukielekea Chandragiri, na utaelewa jambo ambalo ramani haielezi: kila kilima ni ngome kamili yenye kuta zake, maghala yake na maji yake. Adui akiingia bondeni hajapata kitu. Akiteka kilima kimoja, bado viwili vinamtazama.

Karibu na kileleni jabali limepasuka. Kuna genge la upana wa mita 7 hivi na kina cha mita 18, na kulivuka kuna daraja. Hapo zamani lilikuwa la mbao la kuinua; likishainuliwa, kilele kinakuwa kisiwa. Inasemwa kwamba watu wachache tu wangetosha kulilinda, na ukisimama pale katikati, upepo ukikuvuta shati, hutabisha. Hapa ndipo wenye woga wa vimo hupata shida. Tazama mbele, si chini, na vuka.

Juu kuna hekalu la Ranganatha, mnara wa kengele, ghala, hazina, na mzinga mkubwa wa zamani ulioachwa ukielekea bondeni. Lakini mimi ningekuambia uache hayo kwanza, uulizie maji. Mlima huu una chemchemi mbili za maji matamu, zisizokauka, juu ya jabali kavu namna hii, na mabwawa ya kukinga mvua zaidi ya hapo. Jibu la miaka minane liko hapo: Wamughal walikuwa na mizinga na maelfu ya watu, lakini waliozingirwa walikuwa na maji na mpunga, na waliozingira ndio waliokuwa wakiugua na kusubiri chakula. Bonde hili lilikuwa na sifa mbaya ya homa. Wafaransa na Waingereza waliokuja baadaye wote waliilalamikia.

Na usiku mmoja wa Wafaransa? Mwaka 1750 kikosi chao chini ya kamanda aitwaye Bussy kilifika kikifukuza jeshi lililokwisha kushindwa uwandani. Waliokimbilia ndani walikuwa na hofu tayari. Wafaransa wakalipua lango kwa baruti, wakaingia mji wa chini jioni, na usiku huohuo wakapanda vilima vyote vitatu kwa pamoja kabla waliomo hawajajipanga. Asubuhi Wafaransa wenyewe, wanasema wanahistoria, walishangaa walipoona mchana kile walichokipanda gizani. Mzinga, genge na daraja, vyote vinamhitaji mtu aliyetulia wa kuvitumia.

Kaa juu hata nusu saa. Kula ulichobeba, ukiwapa tumbili mgongo. Kisha shuka kwa uangalifu kuliko ulivyopanda: magoti ndiyo yatakayolipa, na ngazi zilizochakaa kwa miguu ya karne nyingi zimekuwa laini kama sahani.

Chini, sasa kwa raha zako

Ukifika chini jua limekuwa kali, na majengo ya chini yana vivuli. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza juu.

Nenda kwanza Kalyana Mahal, mnara wa ghorofa unaopungua kila unavyopanda, ukiwa katikati ya ua uliozungukwa na vyumba. Inaelezwa kuwa ndipo walipokaa wanawake wa kasri. Matao yake ni ya mtindo wa Kiislamu, paa lake ni kama la hekalu, na maji yalipandishwa kwenye ghorofa kwa mabomba ya udongo wa kuchoma. Panda ndani ukipenda; ngazi ni nyembamba, na popo wapo.

Ghala la nafaka liko karibu. Ingia ndani, simama kimya, upige kofi moja. Mwangwi wake utakuambia kuta zina unene gani. Nje yake kuna jumba la mazoezi, mabanda ya farasi na bwawa la tembo, ambavyo vinaonwa kwa kupita.

Msikiti wa Sadatulla Khan ulijengwa mwaka 1717 na 1718, na nyuma yake kuna hadithi ambayo kila mtoto wa hapa anaijua. Gavana kijana wa Kirajputi, jamii ya wapiganaji wa kaskazini, Tej Singh, Watamil wakamwita Raja Desing, alikataa kumlipa kodi Nawabu wa Arcot, mtawala wa eneo hili. Mwaka 1714 akatoka ngomeni na wapanda farasi wachache dhidi ya jeshi kubwa, akauawa, hajatimiza hata miezi 12 ya kutawala. Tenzi za Kitamil zimemfanya shujaa, pamoja na farasi wake, na pamoja na rafiki yake Mwislamu ambaye husimuliwa kuwa aliacha harusi yake mwenyewe akaenda kufa naye. Aliyelelewa na tenzi za pwani hatashangaa kwamba aliyeimbwa ni aliyeshindwa. Mshindi alibaki na msikiti na ngome.

Hekalu la Venkataramana, upande wa lango la Pondicherry, ndilo kubwa kuliko yote ndani ya kuta. Tazama kuta za lango lake zilivyochongwa visa vya miungu. Kisha tazama mapengo: kuna nguzo ambazo hazipo. Tutazikuta baadaye.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukipita bila kukijua: nyuma ya bwawa la Chakrakulam kuna jabali kubwa lenye shimo la asili juu yake, lililozungushiwa matofali. Wanaliita kisima cha wafungwa. Waliohukumiwa kifo walitumbukizwa humo wafe kwa njaa, ndivyo inavyosimuliwa. Sikukaa hapo.

Krishnagiri, kama miguu bado ni yako

Ni kifupi na ngazi zake ni nzuri zaidi. Dakika 30 hadi 40 zinatosha kupanda. Juu kuna ukumbi wa baraza wenye kuba na madirisha pande zote, na upepo wake, baada ya joto la bondeni, unafanya mtu asitake kushuka. Kuna pia maghala na visima vya kuhifadhia mafuta na samli, kwa sababu askari hawali mpunga mtupu. Kama kuna mwenzako asiyeweza Rajagiri, mlete huku asubuhi badala yake. Atapata picha nzuri, na Rajagiri yenyewe inaonekana vizuri zaidi kutoka hapa kuliko kutoka popote.

Chandragiri iache. Njia imejaa miiba na hakuna cha maana kilichosimama.

Kula

Mlo wenyewe usile ngomeni, rudi mjini. Karibu na stendi kuna migahawa inayotoa wali kwenye jani la mgomba: wali, sambari (mchuzi wa dengu), rasamu (supu chachu ya pilipili), mboga mbili tatu, mtindi. Wanakuongezea mpaka useme basi. Unakula kwa mkono wa kulia kama nyumbani, na ukimaliza unakunja jani kuelekea kwako kuonyesha umeridhika. Asubuhi kula idli (vitumbua vya mvuke) au pongali (wali uliopondeka na dengu), chakula kinachokaa tumboni mlimani bila kulemea. Pilipili za Kitamil ziheshimu. Anayetaka halali atapata pilau la biriani mjini, na anayetaka kahawa aombe "kaapi", italetwa na povu na sukari nyingi, kwenye kikombe cha chuma kilichokaa ndani ya bakuli dogo. Mimina huku na huku ipoe.

Kurudi

Uwe stendi saa 10 au 11 jioni. Mabasi yapo hata usiku, ila viti havipo.

Kama una siku moja zaidi, usirudi Chennai moja kwa moja, pitia Pondicherry. Tembea barabara ya ufukweni jioni, saa ambazo magari huzuiwa, mpaka kwenye sanamu ya Gandhi. Imezungukwa na nguzo ndefu za matale zilizochongwa, na ukizitazama vizuri utaitambua mikono iliyozichonga, kwa sababu jana uliyaona mapengo yake hekaluni Venkataramana. Wafaransa walizibeba kutoka Senji katika ile miaka waliyoishika. Ngazi za Rajagiri hawakuweza kuzibeba. Watu huketi chini ya nguzo hizo kupunga upepo wa bahari, na ukiwa na magoti kama yangu ya siku ile, nawe utaketi.